Kipimo cha Haraka na Dhamiri ya Anayepimwa

Wengi wenu mlikuwa bado watoto mwezi wa Machi 2020, serikali yetu ilipotangaza hali ya dharura na kufunga shule, makanisa, viwanja vya michezo na kumbi za sherehe. Makanisa yalifunguliwa tena tarehe 15 Agosti mwaka ule. Katika miezi ile tulizika watu wetu tukiwa wachache, tuliahirisha ndoa, na kwaya zilizozoea kujaza kanisa kwa sauti zilinyamaza. Hata Siku ya Vijana Duniani, iliyotazamiwa kufanyika Lisbon mwaka 2022, ilisogezwa mpaka Agosti 2023. Kwa hiyo swali ninalotaka tulitafakari si geni kwetu: ugonjwa wa kuambukiza ukiwa bado umo kati ya watu, je, mkutano mkubwa waweza kufanyika bila kugeuka kuwa njia ya kuueneza?

Kati ya mwaka 2020 na 2022 nchi kadhaa zilijaribu kulijibu swali hilo kwa kutumia kipimo cha haraka. Mtu alipimwa kabla ya kuingia. Akionekana hana kirusi, aliingia. Akionekana anacho, alirudi nyumbani. Kwa maneno jambo hilo ni jepesi. Mimi kazi yangu ni kuwaandaa walimu, na kwa miaka mingi nimewafundisha namna ya kutunga mitihani na kuyasoma matokeo yake. Ndiyo sababu nilizifuatilia habari za vipimo hivyo kwa makini. Mtihani wa darasani na kipimo cha mlangoni vinafanana kuliko tunavyodhani: vyote viwili vyaweza kusema kweli, na vyote viwili vyaweza kusadikiwa kupita kiasi.

Sisi wa mashariki mwa Kongo tulikuwa tumezoea vizuizi vya afya kabla korona haijafika. Ebola iliyotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ilikwisha rasmi tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kati yao kufariki. Barabarani, sokoni na kwenye milango ya makanisa tulinawa mikono kwa maji yenye klori, kisha tukapimwa joto kwenye paji la uso. Njia hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu aliyeambukizwa Ebola hawaambukizi wengine kabla dalili hazijaanza. Kumtafuta mwenye homa kulikuwa kumtafuta mtu anayeweza kuambukiza.

Korona ilikuja na tabia nyingine. Mtu aliweza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hajahisi lolote, na wako walioambukiza bila kuugua kabisa. Kijana mwenye kirusi kooni aliweza kupita mbele ya kipimajoto akiwa mzima wa mwili, akaingia, akaimba kwa nguvu, akawakumbatia rafiki zake. Kizuizi tulichokizoea hakikumwona. Ilibidi kitafutwe chombo kinachoangalia kirusi chenyewe, tena kinachotoa jibu kabla umati haujachoka kusubiri.

Kipimo cha maabara kiitwacho PCR hutafuta chembe za urithi za kirusi na kuzizidisha mara nyingi mpaka zionekane. Ni kipimo kikali sana, lakini kinahitaji mashine, umeme na fundi aliyesomea kazi hiyo. Jibu lake huchukua saa kadhaa, na sampuli ikisafirishwa mbali huchukua siku. Kipimo cha haraka, kile cha antijeni, hutafuta protini ya kirusi. Kijiti chenye pamba huingizwa puani, huchovywa katika maji yenye dawa, kisha matone machache hudondoshwa juu ya kibao kidogo cha plastiki. Baada ya dakika 15 hadi 30 mistari husomwa. Mstari mmoja huthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Wa pili ukijitokeza, kirusi kimepatikana.

Mwezi wa Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani, tunaloliita OMS, liliweka kiwango: kipimo cha haraka kinachofaa kigundue angalau watu 80 katika kila 100 ambao PCR ingewagundua, na katika kila watu 100 wasio na kirusi kisiwasingizie zaidi ya 3. Mwaka 2021 wachunguzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti nyingi na kuzilinganisha. Waliona kwamba, kwa wastani, vipimo hivyo viligundua 72 katika kila 100 waliokuwa na dalili, lakini 58 tu katika kila 100 wasio na dalili. Nanyi mnajua kwamba anayekwenda kwenye tamasha huwa wa kundi hilo la pili, maana anayejisikia mgonjwa hukaa kitandani. Hata hivyo kipimo hicho kina nguvu yake: humgundua zaidi mtu mwenye virusi vingi, na huyo mara nyingi ndiye awezaye kuwaambukiza wengine siku ile.

Ili walimu wanafunzi wangu waelewe, nilileta darasani kapu la maharagwe 1,000: meupe 990 na mekundu 10. Mekundu yalikuwa watu wenye kirusi. Niliwaambia: tuseme kipimo chetu kinawagundua 6 katika kila 10 wenye kirusi, na kinamsingizia mtu 1 katika kila 100 wazima. Walitoa mekundu 6 wakayaweka pembeni. Wakatoa meupe 10, ambayo ni wazima waliosingiziwa, wakayaweka pamoja nayo. Ndani ya kapu yakabaki mekundu 4.

Msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, kwa hiyo wengi wa wanaorudishwa ni wazima?"

"Katika hesabu hii, ndiyo, mama. Ndiyo sababu anayerudishwa anapaswa kupimwa tena kwa PCR kabla hatujamwita mgonjwa."

"Na yale manne yaliyobaki?"

"Hayo yanaingia pamoja nasi."

Darasa lilinyamaza kidogo. Kijana wa nyuma akasema kwamba basi heri mlango usifunguliwe. Mwenzake akamjibu kwamba bila kipimo yangeingia kumi. Nikawaambia kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Mwalimu anayejua kwamba mtihani wake huwapitisha wengine wasiojua na kuwaangusha wengine wanaojua hauchomi moto mtihani huo. Huutumia pamoja na mambo mengine: kazi za kila juma, maswali ya mdomo, daftari la mwanafunzi. Kwa tamasha, mambo hayo mengine ni yapi? Mifano iko.

Tarehe 12 Desemba 2020, mjini Barcelona nchini Hispania, waandaaji wa tamasha la Primavera Sound na madaktari walifanya jaribio katika ukumbi wa Sala Apolo. Watu wapatao elfu moja waliojitolea walipimwa kwa kipimo cha haraka siku ileile. Wale waliokutwa hawana kirusi walikuwa wamegawanywa kwa kura: nusu wakaingia kusikiliza muziki, nusu wakarudi makwao. Walioingia, zaidi ya 460, hawakulazimika kuachana nafasi. Waliruhusiwa kuimba na kucheza. Lakini walipewa barakoa nzito, na hewa ya ukumbi iliangaliwa. Siku nane baadaye walipimwa tena. Kati ya walioingia hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya waliorudi nyumbani, karibu 500, walipatikana wawili.

Tarehe 27 Machi 2021 mji huohuo ulikusanya watu 5,000 katika ukumbi wa Palau Sant Jordi, kwa masharti yaleyale ya kipimo cha siku ileile, barakoa na hewa. Walifuatiliwa watu 4,592. Katika siku 14 zilizofuata walipatikana sita wenye kirusi, na madaktari waliona kwamba wanne kati yao waliambukizwa mahali pengine.

Jaribio la Paris ndilo linalonifundisha zaidi. Tarehe 29 Mei 2021 kundi la Indochine lilipiga muziki katika ukumbi wa Accor Arena. Waliojitolea walikuwa watu wa miaka 18 hadi 45, wasio na maradhi yanayoongeza hatari. Kura iligawa: theluthi mbili waingie, theluthi moja wabaki nje. Kila mmoja alipaswa kuwa amepimwa katika siku tatu zilizotangulia na kukutwa hana kirusi, na ndani wote walivaa barakoa. Baada ya siku saba, kati ya walioingia na kupimwa tena, watu 3,917, walipatikana wanane wenye kirusi. Kati ya waliobaki nje, watu 1,947, walipatikana watatu. Uwiano ulikaribiana sana. Mate yaliyochukuliwa siku ya tamasha yalipochunguzwa kwa PCR, ilionekana kwamba watano kati ya wale wanane walikuwa tayari na kirusi walipoingia. Hao ndio maharagwe mekundu yaliyobaki kapuni. Kipimo hakikuwaona, lakini pamoja nacho kulikuwa na barakoa na hewa safi, na ugonjwa haukuenea ukumbini.

Tuangalie sasa mahali mambo yalipoharibika. Tarehe 3 na 4 Julai 2021, mjini Utrecht nchini Uholanzi, tamasha la Verknipt lilikusanya watu wapatao 20,000 kwa siku mbili, chini ya anga wazi. Kila mmoja alionyesha cheti: cha chanjo, cha kupona, au cha kipimo. Hata hivyo watu wapatao 1,000 waliohudhuria waligunduliwa baadaye kuwa na kirusi. Kulikuwa na nini? Cheti cha kipimo kilikubaliwa hata kama kimetimiza saa 40. Aliyepimwa Alhamisi jioni aliweza kula na rafiki zake usiku ule, kulala, kufanya kazi Ijumaa, kisha kuingia Jumamosi asubuhi kwa cheti kilekile, hali kirusi kimekwisha kuongezeka mwilini mwake. Isitoshe, aliyechanjwa kwa chanjo ya dozi moja alipewa ruhusa papo hapo, kabla mwili wake haujapata kujenga kinga. Katika siku zilezile kumbi za dansi zilikuwa zimefunguliwa kote nchini, na maambukizi yakapanda hata kupita 10,000 kwa siku. Kumbi zikafungwa tena, muda wa cheti ukapunguzwa hadi saa 24, na tarehe 12 Julai Waziri Mkuu Mark Rutte akaomba radhi hadharani.

Vijana wapendwa, kipimo ni ushahidi wa saa ile kilipofanywa. Hakisemi lolote juu ya kesho. Mwalimu hampi mwanafunzi shahada ya mwaka huu kwa alama za mwaka juzi.

Uingereza nayo ilijaribu mjini Liverpool. Usiku wa tarehe 30 Aprili na 1 Mei 2021 vijana walicheza dansi ndani ya ghala bila barakoa, na tarehe 2 Mei watu wapatao 5,000 walisikiliza muziki katika bustani ya Sefton Park, wote wakiwa wamepimwa kwanza. Majaribio hayo, pamoja na mengine ya michezo na sanaa, yalihudhuriwa na watu wapatao 58,000, na waligunduliwa 28 tu wenye kirusi. Hesabu hiyo yafurahisha mpaka uulize swali la pili. Waliohudhuria waliombwa wajipime tena kwa PCR kabla na baada ya mkusanyiko, ili ukweli ujulikane. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyofanya hivyo vyote viwili. Kabla ya tamasha kila mmoja alikubali kupimwa, kwa sababu kipimo kilikuwa ufunguo wa mlango. Baada ya tamasha, kipimo kilikuwa faida ya jirani tu, na wengi hawakujisumbua.

Hapa Afrika, Kombe la Mataifa lililochezwa Kamerun mwezi wa Januari na Februari 2022 lilidai mengi kwa watazamaji: chanjo kamili, pamoja na kipimo cha PCR kisichozidi saa 72 au cha antijeni kisichozidi saa 24. Viwanja havikuruhusiwa kujaa. Na bado, tarehe 24 Januari, kwenye uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, watu wanane walikufa kwa kukanyagana langoni, na makumi wakajeruhiwa. Kiongozi wa shirikisho la mpira la Afrika alisema kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Nawakumbusha jambo hili kwa huzuni, kwa sababu anayeandaa mkutano huweza kulikazia macho tishio moja akayasahau mengine. Usalama wa umati ni pamoja na lango pana, foleni yenye utaratibu, na watu waliofundishwa kuwaongoza wenzao. Kituo cha kupimia, kikiwekwa mahali pabaya, chaweza kuwa chenyewe chanzo cha msongamano.

Na nani atalipa? Mwezi uleule wa Septemba 2020 OMS na washirika wake walitangaza kwamba vipimo milioni 120 vitapatikana kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa bei isiyozidi dola 5 kimoja. Hiyo ilikuwa habari njema. Lakini ninyi mnajua dola 5 ni nini katika nyumba yenye watoto sita. Tukisema, "Aingie aliyepimwa," kisha tukamwachia kila mtu ajilipie, tutakuwa tumeutenga umati kwa mfuko, si kwa afya. Barcelona na Paris waliohudhuria hawakuachwa wajitafutie vipimo. Vilikuwa sehemu ya maandalizi. Mkutano unaotaka kipimo uhesabu bei yake tangu mwanzo, kama unavyohesabu turubai, maji na vyakula.

Vilevile tusidhani kwamba kila ugonjwa una kipimo chake cha dakika 15. Mpox, ambayo OMS iliitangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, na ambayo sura yake mpya ilionekana kwanza kwetu Kivu ya Kusini, bado inategemea PCR kuthibitishwa. Kwa ugonjwa huo mlinzi wa mlango ni macho ya mtu mwenyewe juu ya ngozi yake, na ukweli wake wa kusema, "Nimeona upele, leo siji."

Neno hilo, "leo siji," ndilo ninalotaka mlichukue. Katika mifano yote niliyoieleza, mkutano wa wengi ulilindwa na wachache waliokubali kuukosa. Mmoja alionyeshwa mistari miwili akavua tiketi yake na kurudi. Mwingine alipangiwa na kura kubaki nje, ili sisi sote tujue kama njia hiyo ni salama. Hawakuonekana kwenye picha. Lakini pale ambapo anayerudi anachekwa, anaitwa mchawi wa ugonjwa, au anapoteza nauli na mchango wake, watu hujifunza upesi: wataficha kikohozi, watamwazima rafiki cheti, watakwepa kupimwa. Hapo kipimo kizuri kuliko vyote hakitafaa kitu. Huwezi kudai ukweli kutoka kwa mtu ambaye umemwandalia adhabu kwa kuusema.

Kwa sababu hiyo, kikundi cha vijana kinachoandaa hija, kongamano au tamasha katika majira ya ugonjwa kina kazi kabla ya kununua kibao kimoja cha kupimia. Kiamue kwamba mchango wa anayezuiliwa na afya utarudishwa au kutunzwa kwa safari ijayo. Kiteue watu wa kumpigia simu jioni ile, kumpelekea chakula kama yuko peke yake, na kumsimulia yaliyotendeka. Kimpime karibu na saa ya kuingia, si siku mbili kabla. Kiache madirisha wazi, kigawe barakoa, kipanue milango. Na mkutano ukishakwisha, kila mmoja akumbuke kuangalia hali yake kwa siku zinazofuata na kusema akiugua, ingawa hakuna tena mlango unaomdai aseme.

Tumefundishwa kumpenda jirani kama nafsi zetu. Wakati wa maambukizi amri hiyo inakuwa ndogo na ya wazi kabisa: dakika chache za kusubiri, kijiti puani, na moyo ulio tayari kwa majibu yote mawili. Tujifunze kufurahi na anayeingia, na kumheshimu anayerudi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika mikutano yetu, ni nini kinachomfanya kijana mgonjwa aje badala ya kubaki nyumbani? Tunaweza kubadilisha nini?

2. Kama kipimo kingehitajika kwa kongamano letu lijalo, nani asingeweza kukilipia, na tungemsaidiaje?

3. Utrecht walikuwa na cheti, Paris walikuwa na cheti, barakoa na hewa. Je, katika maandalizi yetu tunategemea ulinzi mmoja tu? Upi?